Naomba ushauri: ni "stands" au "is standing"?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Najifunza kazi ya kutembeza wageni Fort Jesus hapa Mombasa, na Kiingereza kinanikwamisha pahali pamoja.

Kwetu "-na-" inabeba yote: "ninakunywa chai" yaweza kuwa sasa hivi au kila siku. Nimeshashika kwamba "mimi hunywa chai" ni "I drink tea", na ikiwa kikombe kiko mkononi, "I am drinking tea". Tena "know" na "want" naziacha bila "-ing". Hapo sina taabu.

Taabu ni kusimama na kukaa. Jana nilimwambia mgeni, "The fort is standing on coral rock." Akanirekebisha kwa upole: "stands". Punde si punde yeye mwenyewe akasema, "We are standing on coral rock!" Mwamba ni ule ule! Usiku nikaandika sentensi 20 daftarini, bado nababaika.

Je, ni kwa sababu ngome haiondoki na sisi tutaondoka? Na nikisema "I live in Likoni" au "I am living in Likoni", mgeni ataelewa tofauti gani? Jumamosi nina wageni wengine, tafadhalini nisaidieni kabla ya hapo.