MREJESHO: Hellzapoppin' (1941), nakala ya dakika 80 haikukatwa

Wakuu, niliuliza kwa nini nakala yangu ina dakika 80 na sekunde 38 wakati filamu hii ya vichekesho ya Marekani ni ya dakika 84, na kama wamekata ile ngoma ya Lindy Hop (dansi ya kasi ya muziki wa swing). Hakijakatwa kitu. Ilipigwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, nakala hii ya Ulaya inakwenda 25. Gawa 84 kwa 25, zidisha kwa 24, utapata dakika 80.64, yaani 80 na sekunde 38, hesabu inakaa sawa.

Mwendo ukizidi asilimia 4, sauti nayo hupanda, pungufu kidogo ya nusu-toni. Tarumbeta inalia nyembamba, na wachezaji wa Whitey (kundi la Whitey's Lindy Hoppers linalocheza ngoma hiyo), ambao tayari ni moto wa kuotea mbali, wanaonekana kama vikaragosi.

Dawa: kwenye programu ya kuhariri, picha irudishe fremu 24, sauti ipunguze hadi asilimia 96 ya mwendo wake. Zima kile kitufe cha kulinda toni, maana ukikiacha mwendo utapoa lakini sauti itabaki juu. Kama runinga inakuza picha ijaze kioo, weka 4:3 (uwiano wa upana kwa kimo), la sivyo Frankie Manning, mmoja wa wachezaji hao, anamrusha mwenzake huku miguu ikikatwa na ukingo.

Jambo moja msihangaike nalo: picha inapoteleza na mstari wa fremu kuwatenganisha waigizaji, si kasoro. Ni mzaha wa filamu yenyewe, fundi mitambo wa sinema (anaigizwa na Shemp Howard) ndiye anayeharibu kazi. Usijaribu kuirekebisha.