Kaunta buku langu linamkataa straika wa mabao 11. Najidanganya?

Katibu wa Gungu:
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mimi ni katibu wa timu moja ya ligi ya mkoa. Mkate wangu ni dagaa wakavu, kwa hiyo nikichanganya hesabu za debe na za mpira mnivumilie.

Tuna laki nane za usajili. Zikiisha ni mpaka mwakani. Kamati imebaki na mastraika wawili na Jumapili tunaamua.

Wa kwanza nimwite Mrefu. Ndondo iliyopita, yale mashindano ya mtaani, alimaliza na mabao 11, na akipita Mwanga bodaboda wanampigia honi. Wa pili nimwite Mvuvi, maana ndiyo kazi yake pale Kibirizi. Alifunga 4. Kwa wenzangu mjadala uliishia hapo.

Sasa mimi na mpwa wangu (yuko kidato cha tatu, mwandiko wake unasomeka, wangu hapana) tuliandika mechi zote kwenye kaunta buku la kwaya tatu. Kila ukurasa tumechora goli na boksi, na kila shuti tumeweka alama pale lilipopigwa: msalaba ukiwa ni mguu, duara likiwa ni kichwa, likiingia tunalipaka wino. Mechi ya nne mvua iliramba kurasa, wino wa bluu ukatambaa mpaka boksi likawa ziwa. Hiyo nimeitupa. Bahati nzuri siku hiyo wote wawili hawakufunga. Zimebaki mechi saba.

Mabao 11 ya Mrefu: 5 ni penalti. Mengine 3 aliwafunga jamaa waliokuja wako tisa kwa sababu gari lao lililala njiani. Yanabaki 3, na moja kati ya hayo lilimgonga mgongoni likaingia, yeye mwenyewe aligeuka kuuliza nani kafunga. Ukiacha penalti ana mashuti 15 kwa dakika 630. Mvuvi hana penalti hata moja, ila ana mashuti 19 kwa dakika 372, karibu yote ndani ya boksi. Dakika zake ni chache kwa sababu mechi nyingi kocha alimwanzisha benchi.

Nikapeleka daftari kikaoni. Mwenyekiti akalifungua, akalinusa, akasema, "Katibu, hili linanuka dagaa." Watu wakacheka, tukaingia ajenda ya jezi.

Nauliza: kuna maana yoyote katika haya ninayohesabu, au nimpigie kura Mrefu yaishe?

Kikokotoo:
Mkuu, nipo Tabora hapa, nakata video za mechi za timu moja kwa ajili ya benchi la ufundi. Usilitupe hilo daftari! Mnachofanya wewe na mpwa wako Ulaya wanakiita xG, mabao tarajiwa. Tofauti ni kwamba wao wana kamera na nyie mna peni. Wanachukua maelfu ya mashuti ya zamani, wanaangalia yale yaliyopigwa sehemu kama hiyo, kwa mguu au kichwa, yaliingia mangapi. Shuti jipya linapewa uzito wake kati ya 0 na 1. Penalti peke yake iko karibu 0.78, kwa hiyo katika hizo 5 za Mrefu, mpigaji wa kawaida tu angeondoka na 4. Ndiyo maana wachambuzi wanaziweka pembeni kabla ya kulinganisha mastraika.

Halafu tafuta mashuti kwa kila dakika 90. Mvuvi anapiga 4.6, Mrefu 2.1. Hiyo siyo tofauti ndogo.

Mfano ni Brentford ya Uingereza. Matthew Benham, aliyetajirika kwa hesabu za kubashiri mechi, aliichukua 2012. Mwaka 2017 walimtoa Ollie Watkins kwa Exeter City, timu ya daraja la nne, na mwanzoni walimchezesha zaidi winga. Baadaye wakamsogeza kati, na 2020 Aston Villa wakaja na fungu la pauni milioni 28. Benham huyohuyo ndiye aliyekuwa mmiliki mkubwa wa Midtjylland ya Denmark ilipochukua ubingwa wake wa kwanza, 2015. Hawakuwa na hela za wakubwa, walikuwa wanatafuta mchezaji ambaye soko limemwekea bei ya chini kwa kuangalia kitu kisicho sahihi. Kama kamati yenu na mabao 11.

Ila mechi saba ni chache, usiape kwa hizo. Mashuti yanatulia mapema kuliko mabao, lakini saba ni saba.

Mwalimu Mstaafu:
Katibu mwanangu, mimi nimefundisha mpira tangu mpira wenyewe unashonwa kwa kamba. Sikatai hesabu. Nakataa hesabu nusu. Kulikuwa na Mwingereza, Charles Reep, ofisa wa jeshi la anga aliyesomea uhasibu. Mwaka 1950 alikwenda kuangalia Swindon, mapumziko akatoa daftari akaanza kuandika kama wewe, akaendelea kwa miaka mingi. Akagundua mabao mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu. Akahitimisha: butueni mbele. Makocha wakamfuata. Kumbe karibu mashambulizi yote ya mpira yana pasi tatu au pungufu, sasa mabao yangetoka wapi kwingine? Alitazama yaliyoingia, hakuyalinganisha na mara walizojaribu.

Wewe umehesabu majaribio, hapo umempita. Lakini daftari lako halina mpishi. Nani alimpa Mvuvi hiyo mipira? Ukimleta kwako ambako winga akifika kwenye kibendera anafunga macho na kupiga, hiyo misalaba itatoka wapi?

bwana mawese:
laki nane nunueni beki wa kushoto. nimewaona.

Mtu wa Katonga:
Nyote mmesoma sana lakini hakuna aliyevua. Huyo kijana anakwenda ziwani usiku, si ndiyo? Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanalala nyumbani. Kwa hiyo wiki ya giza anatoka majini alfajiri, anashusha mzigo, saa kumi jioni mnamwambia akimbie. Katibu, mechi zilichezwa tarehe ngapi? Siyo za Kizungu. Za mwezi.

Katibu wa Gungu:
Mtu wa Katonga, umenikosesha usingizi. Jana usiku nimekaa na ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni, mpwa anasoma, mimi naandika.

Mechi tatu ziliangukia kati ya tarehe 12 na 19 za Kiislamu, mbalamwezi ikiwa kubwa. Zote hizo Mvuvi alianza na kumaliza. Misalaba na maduara 14, mabao manne yote. Mechi nne za giza aliingia kipindi cha pili, mashuti 5, bao hakuna. Nikampigia kocha wake wa ndondo kumuuliza kwa nini alikuwa anamweka benchi. Akaniambia, "Alikuwa anasinzia wakati wa kupasha." Hakuna aliyemuuliza kwa nini anasinzia.

Kikokotoo, najua, mechi tatu, usinipige. Mzee wangu Mwalimu, swali lako la mpishi limenishika pabaya, winga wetu kweli anafunga macho. Hilo nalirudia na kocha.

Lakini nimebadilisha pendekezo. Jumapili nitawaambia tusimpe Mvuvi fungu lote mkononi. Tumpe laki tatu ya kusaini, tano zilizobaki tumlipe usiku wa kuamkia mechi wakati wa giza, ili asiende majini, alale. Nimeulizia Kibirizi kibarua cha usiku mmoja kinalipa kiasi gani, inatosha msimu mzima na chenji ya soksi.

Kikwazo ni kimoja, nimekijua leo asubuhi wakati naulizia. Mtumbwi anaovulia ni wa mwenyekiti.