MREJESHO: Uvimbe baada ya kutolewa gego la mwisho

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza nifanyeje, shavu limevimba na maumivu hayanipi usingizi baada ya kupasuliwa fizi na kutolewa gego la mwisho la chini. Asanteni sana, naendelea vizuri.

Barafu ndiyo iliyonisaidia zaidi. Niliivunjavunja, nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikaweka shavuni dakika 20, napumzisha dakika 20, narudia. Ila inafaa saa 24 hadi 48 za mwanzo. Baada ya hapo daktari alitaka nikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na taya lililokaza likaanza kufunguka. Aliyeniambia uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu alinitoa hofu kweli, Mungu ambariki.

Usiku nililalia mito miwili kuinua kichwa. Dawa ni ibuprofeni na paracetamol kama nilivyoandikiwa, baada ya kula. (Wenye vidonda vya tumbo, muulizeni daktari kwanza kuhusu ibuprofeni.) Maji ya chumvi nilianza kesho yake, nayatembeza mdomoni taratibu bila kusukutua kwa nguvu, donge la damu linaloziba shimo la jino lisije likang'oka. Kwa sababu hiyohiyo mrija sikuugusa. Mtori uliopoa nilikula kwa kijiko.

Na wewe uliyeuliza kuhusu harufu mbaya na maumivu yanayozidi tangu siku ya tatu: rudi kliniki leo. Huenda donge limetoka na mfupa uko wazi, hapo barafu haitasaidia.