Naombeni ushauri: timu ikipata ajali safarini, ligi ifanyeje?

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa timu ya ligi ya mkoa. Tunasafiri wote kwa Kosta moja, na daftari la simu za ndugu wa wachezaji limo humohumo, chini ya kiti cha kocha. Hilo linaninyima usingizi.

NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wana mpango wa kuipa timu iliyofiwa wachezaji kutoka timu nyingine. Klabu ya soka ya Chapecoense ya Brazili ilipopoteza wachezaji 19 kwenye ajali ya ndege mwaka 2016, klabu nyingine zilijitolea kuiazima wachezaji bure. Nimepekua kanuni zetu zote, nimekuta adhabu ya kuchelewa uwanjani tu.

Nataka kupeleka pendekezo kwenye kikao. Kipengele cha kuahirisha mechi na kusajili wachezaji nje ya dirisha la usajili kiandikweje? Na wenzangu mnaogawa timu kwenye magari mawili, gharama mnaimudu vipi?