Mama kasahau namba ya siri ya benki kwenye simu, huduma imefungwa. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu yuko kijijini Newala, mimi niko Dar. Fedha zake za korosho kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) zimeingia kwenye akaunti, meseji ameiona, ila namba ya siri kaisahau. Akajaribu mwaka aliozaliwa marehemu baba, akajaribu wangu, mara ya tatu huduma ikafungwa.

Nimepiga huduma kwa wateja, wanasema lazima afike mwenyewe tawini na kitambulisho cha NIDA. Sawa, ni usalama wake. Lakini goti linamsumbua, bodaboda hadi mjini, kwake ni mateso, sitaki aende mara mbili.

Kinachonitia hofu zaidi ni laini. Ilisajiliwa kwa kidole cha mdogo wangu, ambaye sasa yuko Msumbiji. Majina yasipolingana si watamrudisha?

Kuna kijana hapo kijijini anasema atamfungulia kwa elfu kumi, apewe tu namba ya NIDA na tarakimu zitakazoingia kwa meseji. Nimemkataza mama kabisa. Ukishampa mtu hizo, umempa akaunti.

Aliyewahi kupitia haya anisaidie: asajili kwanza laini mpya kwa jina lake ndipo aende benki? Na siku hiyohiyo anaweza kutoa fedha dirishani kwa kitambulisho tu? Kadi anayo, ila namba yake ya siri nayo haikumbuki, na vibarua waliookota korosho bado wanamdai.