Naomba ushauri: kichwa cha makochi cha mashine ya kufyonza vumbi kinanasa kwenye kitambaa

Habari zenu wakuu. Tupo kwenye usafi mkubwa wa kabla ya Idi. Mashine ya kufyonza vumbi ni ya mfuko, wati 1600, bomba la mm 32. Kichwa chembamba kinatoa mchanga wote kwenye reli za madirisha, na brashi ya duara inamaliza feni na nyavu za mbu. Huko sina neno.

Shida ni makochi ya velveti. Kichwa kipana kinajibandika, mota inalia kwa sauti nyembamba, na manyoya ya paka yanabaki palepale. Nikifungua tundu la hewa kwenye mkono wa bomba kinateleza vizuri, ila kinaacha vumbi. Mfuko ni mpya, bomba halijaziba, na chujio la sponji nimeliosha nikalikausha saa 24 (likirudishwa bichi linashika vumbi na kuziba).

Je, kichwa kidogo chenye brashi inayozungushwa na upepo kitafaa velveti, au kitaichakaza? Na nikikipata cha mm 35 tu, adapta itapunguza nguvu ya kuvuta kiasi cha brashi kushindwa kuzunguka?