Mtaalamu ananirudisha majini kila wiki. Niendelee au niache?

Mama Dagaa:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Miaka yote mzigo naufuata mwenyewe visiwani. Mwaka jana tukitokea Ukerewe, ziwa likachafuka, mtumbwi ukapinduka. Tulikuwa kumi na mmoja, tukatoka tisa. Mimi niling'ang'ania dumu la njano la petroli mpaka wavuvi wakatufikia.

Nyumbani nilikuwa na madumu matatu ya maji ya rangi hiyohiyo. Nimeyagawa yote. Mashine ya kusaga ikiwashwa tu mtaani, jasho linanitoka. Mzigo naagiza vijana, na wananipiga kwenye bei kisawasawa.

Dada akanipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Wiki za mwanzo hakuigusa ajali. Aliuliza usingizi na chakula, akanifundisha kuvuta pumzi na kuitoa taratibu. Tukachora ngazi ya hofu, 0 mpaka 100. Kuangalia kivuko cha Kamanga kwa mbali, 30. Kupanda mtumbwi wa injini, 100.

Sasa ndipo balaa. Ananiambia nifumbe macho, nisimulie ajali kama inatokea sasa hivi, simu ikirekodi. Nyumbani niisikilize kila siku. Wiki ya pili hii silali. Ananitibu au anachokonoa kidonda?

Sangara Mkavu:
Achana naye. Wewe unahangaika kusahau, yeye anakukumbusha, na hela unampa! Nenda duka la dawa chukua valium, kunywa moja usiku.

Nesi wa Zamu:
Mkuu hapo juu, valium siyo pipi. Inazoeleka haraka, na kwa kiwewe inafunika tu.

Dada, pole sana. Anachofanya ni tiba inayojulikana, Edna Foa wa Marekani ndiye aliyeiendeleza. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15, kama saa moja na nusu kila kimoja. Kumbukumbu ya ajali haijakaa kama kumbukumbu nyingine, ndiyo maana mashine ya kusaga inakurudisha majini ukiwa nchi kavu. Kila unapokwepa, mwili unajiambia "nimepona kwa sababu nimekimbia," na kesho unakimbia mapema zaidi. Ukisimulia mara nyingi mahali salama, mwili unaanza kutofautisha siku ile na leo. Wengi huchafukwa kidogo mwanzoni halafu hofu hushuka.

Ila je, umemwambia kwamba hulali? Mwendo unapaswa kuwa wako. Akikulazimisha wakati umesema basi, hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia ondoka. Na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri kikao, nenda hospitali siku hiyohiyo. Bugando wana idara ya magonjwa ya akili.

Mwana wa Bwiru:
Baba yangu mdogo alitoka mzima meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996. Watu wakamwambia mshukuru Mungu, yakaishia hapo. Mpaka leo akienda kwao Kagera anazunguka na basi, na MV Nyerere ilipopinduka 2018 alizima redio siku nne. Hakuna aliyewahi kumwambia asimulie. Mimi ningeendelea.

Msabato Halisi:
Na maombi je? Mbona hamuyataji?

Nesi wa Zamu:
Hayagombani na tiba, mkuu. Aombe, na kikaoni aende.

Mama Dagaa:
Nimerudi wakuu. Nilimwambia ukweli Jumanne. Hakukasirika, akasema ningemwambia mapema. Sasa nasimulia macho wazi, naanzia pale tulipopakia mzigo mpaka wimbi la kwanza, basi. Rekodi nasikiliza mchana, siyo kitandani.

Jana nikaenda Kamanga na dada. Kivuko kilipopiga honi nilishika uzio mpaka vidole vikauma. Ile 30 niliyoandika ilikuwa uongo, ilikuwa 70. Mtaalamu alishasema nisiondoke hofu ikiwa juu, nikakaa. Muuza karanga akaniuliza mara mbili nasubiri nani. Baada ya dakika arobaini hivi nikaihesabu tena, 45. Nikanunua karanga.

Mtumbwi bado, msiniulize. Na dumu la njano bado lipo kwa jirani.

Sangara Mkavu:
Hongera dada, valium naifuta. Sasa ndoo ya dagaa ni bei gani hapo Mwaloni?